Mlango wa Kabati la Mita

Siku ya kwanza Basilia Ticona alipofika kufagia tawi la Benki ya Vilele Vitatu, pale La Ceja mjini El Alto, meneja wa wakati huo hakumtazama usoni. Alitazama sketi. Ilikuwa pollera ya rangi ya kitunguu, marinda tele, na ndani yake sketi nyingine tatu za kuzuia baridi, kama walivyovaa mama yake na bibi yake. Meneja akampa ovaroli ya bluu na kumwambia avue ile sketi, maana benki si soko la viazi.

Basilia hakuvua. Aliivaa ovaroli juu ya sketi zote nne, akatokea ukumbini amefura pande zote.

"Hee!" mlinzi, Don Fortunato Huarachi, akasema pale mlangoni. "Leo benki imeletewa gunia la sufu!"

"Gunia lina kazi ndani yake, Don Fortunato," Basilia akamjibu. "Hiyo bunduki yako ina nini ndani?"

Mlinzi akacheka, kwa kuwa bunduki ilikuwa haina risasi na kila mtu mle ndani alijua. Tangu siku hiyo wakawa marafiki. Huo ulikuwa mwaka 1999.

Miaka ile, nyuma ya kaunta walikaa vijana watano waliofunga tai, wote wanapanda asubuhi kutoka mitaa ya chini ya La Paz, ambako hewa ni nzito na watu hawapasuki midomo kwa baridi. Mbele ya kaunta walisimama akina mama wenye pollera na kofia za duara, fedha wamezifunga kwenye kitambaa kifuani. Wengine hawakujua Kihispania cha benki. Kijana akisema jambo, mama anainamisha kichwa, anageuka, anakwenda kumuuliza mfagizi. Basilia anamweleza kwa Kiaymara huku ameegemea ufagio. Kwa kazi hiyo hakulipwa. Hakuwa hata mwajiriwa wa benki. Alikuwa wa kampuni ya usafi, na kampuni ilimkodisha kama ndoo.

Baba yake alikuwa mkulima wa viazi upande wa Achacachi. Kila kanivali, siku ya kuinywesha ardhi, mzee alisimama katikati ya shamba na chupa ya pombe mkononi, na kabla ya kumwaga hata tone alimtajia Mama Ardhi alichochukua mwaka ule. Magunia kumi na moja. Mawili yaliharibiwa na mvua ya mawe, hayo usinihesabie. Kondoo wanne walikula majani ya upande wa mto. Alisema kwa sauti, bila kuongeza wala kupunguza, kisha ndipo anamwaga na kuomba. "Hukai mezani kwa mtu ukaomba sahani ya pili," alimwambia bintiye, "kabla hujasema ya kwanza ilikuwa na nini."

Basilia aliishia darasa la tano, lakini hilo la baba alilishika.

Pale benki, Ijumaa ya kabla ya kanivali, ofisi ilifungwa saa sita mchana, wafanyakazi wakarushiana karatasi za rangi na kunywa bia mpaka tai zikalegea. Ardhi ilirushiwa matone mawili ya bia, basi. Jambo hilo lilimkera Basilia. Mwaka 2000 akachukua penseli nene ya seremala, akaenda kwenye korido ya choo palipokuwa na kabati la mita, akasoma mita ya umeme na ya maji. Akahesabu mitungi ya gesi ya kupashia ukumbi joto. Akahesabu rimu za karatasi zilizoingia na magunia ya karatasi yaliyotoka, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyabeba. Vyote akaviandika ndani ya mlango wa kabati, mlango wa mbao, ambao hakuna mtu aliyewahi kuutazama upande wa ndani. Kisha akazunguka pembe nne za jengo na kikombe cha pombe, akainong'oneza ardhi kila namba.

Kwa kuwa mtu mgeni naye hutambulishwa kwa ardhi, aliwachora watu pia. Mwanamume mwenye tai alikuwa mstari wima. Mwanamke wa suruali au gauni, mistari miwili. Mwanamke wa pollera alikuwa pembetatu, na mwaka ule wa kwanza pembetatu ilikuwa moja tu. Aliichora chini kabisa karibu na bawaba, mbali na safu ya wengine, maana ilikuwa yeye mwenyewe, na yeye hakuwa wa benki.

Miaka ikapita, mlango ukajaa. Mwaka 2006 walikuja wawili wenye majina ya kwao, Kiaymara kitupu, ingawa walivaa tai kama wenzao. Mwaka 2010 akaja msichana wa kwanza wa pollera kukaa nyuma ya kaunta. Siku hiyo watu waliacha madirisha manne wazi wakapanga foleni ndefu mbele ya dirisha moja, mpaka nje kwa wauza sambusa za salteña, na vijana wa tai wakabaki wanakuna vichwa. Don Fortunato alikwenda kuwaambia wale mama kwamba madirisha yote ni sawa.

"Kama ni sawa," bibi mmoja akamwambia, "basi na sisi foleni zote ni sawa, tunataka hii."

Baadaye akaja kijana wa kiti cha magurudumu, benki ikajenga njia ya mteremko mlangoni, naye Basilia akamchora mstari wenye duara chini. Mwaka uliofuata pembetatu kwenye safu zikawa mbili, kisha tatu. Taa za zamani zikatolewa, zikaletwa nyeupe ndogo. Karatasi zikapungua hata Basilia akasikitika kidogo, kwa sababu mwenye gari la kukusanya karatasi alikuwa mtu wa mazungumzo mazuri. Pembetatu ya karibu na bawaba ilibaki pale pale.

Kisha ukaja mwaka wa ishirini na nne wa kazi yake, na barua kutoka kampuni ya usafi. Mkataba wa tawi ungekwisha mwisho wa Februari. Baada ya hapo wangekuja watu wengine, wa umri wa chini ya miaka arobaini. Basilia alikuwa na hamsini na sita.

Meneja wa sasa, Rolando Irahola, aliyeitwa Licenciado, yaani msomi, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda kuonekana. Alimwita ofisini, akamketisha, na jambo hilo peke yake lilikuwa jipya.

"Doña Basilia, makao makuu wanatafuta tawi la kijani. Tawi lililopunguza maji na umeme kuliko yote, ukilinganisha na mwaka 2012. Sisi maji tumepunguza theluthi mbili! Theluthi mbili, mama! Hakuna tawi litakalotugusa. Zawadi yake ni nafasi mbili za kudumu. Moja ni yako, ya kuangalia jengo. Utakuwa mtu wa benki. Na pollera yako, na kitambulisho kifuani."

"Cheti cha sekondari sina, Licenciado."

"Tukishinda, nani atauliza cheti?"

Basilia alitoka mle ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la mita, akafungua, akatafuta mwaka 2012. Alikuwa amesahau. Mwandiko wake mwenyewe ulimkumbusha: *Maji 940. Bomba limepasuka chini ya choo, tangu Pasaka mpaka Siku ya Wafu. Nimesema mara tatu.*

Mwaka 2011 maji yalikuwa mita za ujazo 310. Mwaka jana, 290.

Akapitisha kidole chini ya zile namba. Don Fortunato, aliyekuwa amekuja kujisaidia, akachungulia begani kwake. Yeye alisoma polepole, midomo ikicheza, lakini alifika.

"Loo," akasema. "Kumbe hatujapunguza. Tulikuwa tunavuja."

"Kimya, Don Fortunato."

"Nani anajua zaidi yetu? Meneja alikuja baada ya hapo. Bili inasema 940, na bili haina mdomo. Funga mlango, dada yangu. Miaka ishirini na nne umekuwa gunia. Acha uwe mtu."

Basilia akafunga mlango. Wiki ile mkate aliurudisha kapuni, na uji wa mahindi ya zambarau alioupenda kuliko vyote alimwachia mwuzaji nusu kikombe.

Mkaguzi kutoka makao makuu alifika Ijumaa, siku ile ile ya kuinywesha ofisi. Alikuwa mhandisi, binti wa miaka thelathini hivi, jina lake Nayra Calisaya. Alivaa suruali na koti la mvua, lakini alipomsalimia Basilia alimwita shangazi, kwa Kiaymara, akamshika mkono kwa mikono miwili. Asubuhi nzima alipekua bili. Alipofika kwenye maji alimwuliza meneja walifanyaje.

"Nidhamu," Licenciado Irahola akasema. "Elimu kwa wafanyakazi. Bomba halifunguliwi ovyo hapa."

Saa sita milango ikafungwa. Mezani kukawekwa maua ya njano, karatasi za rangi, peremende, majani ya koka, na sahani ya mafuta ya mnyama aitwaye lama na vinyago vya sukari vya kuchomwa kwenye chetezo. Moshi ukapanda. Wafanyakazi wote kumi na mmoja walisimama duara, mabegani wamejaa vipande vya karatasi. Kwa kawaida Basilia alizunguka pembe zake kimyakimya wakati wengine wanafungua bia. Lakini siku hiyo meneja alikuwa na mgeni, na mgeni alistahili kuonyeshwa kitu.

"Mhandisi, hapa kwetu tuna mila isiyopatikana tawi jingine," akasema, sauti imejaa. "Doña Basilia humweleza Mama Ardhi tulichotumia. Kila mwaka! Leo asinong'one. Asimulie kwa sauti, tangu 2012, tusikie tulikotoka. Karibu, mama, katikati."

Wakampigia makofi. Basilia akasogea katikati na kikombe cha pombe mkononi. Aliona uso wa Don Fortunato mlangoni. Mzee alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kushoto kulia, kama mtu anayefukuza nzi bila kutumia mkono.

Angeweza kuanzia 2013. Angeweza kusema 940 na kuishia hapo, na isingekuwa uongo mbele ya watu. Lakini kikombe kilikuwa kimejaa, na aliyekuwa akinyweshwa hakuwa meneja wala mhandisi. Alimkumbuka baba yake na yale magunia mawili ya mvua ya mawe.

"Mama Ardhi," akaanza, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe, ilikuwa nyembamba lakini haikukatika. "Mwaka 2012 nyumba hii ilichukua kwako maji mia tisa na arobaini. Mia sita kati ya hayo hatukunywa, hatukuogea, hatukudekia. Bomba lilipasuka chini ya choo tangu Pasaka mpaka Siku ya Wafu. Nilisema mara tatu, hakuna aliyekuja. Yalirudi kwako bure, machafu. Utusamehe. Mwaka 2013, mia tatu na tano..."

Akaendelea mwaka kwa mwaka. Umeme, gesi, karatasi. Akataja na watu: mwaka huu alikuja mmoja wa pollera, mwaka huu waliondoka wawili, mwaka huu alikuja wa magurudumu, mpokee. Alipomaliza akamwaga pombe pembe ya kwanza. Hakuna aliyefungua bia. Moshi wa chetezo ulimwingia mtu puani, akapiga chafya, na chafya hiyo ilisikika kama tofali limeanguka.

"Mama amechoka," Licenciado Irahola akasema, uso umekuwa mwekundu kuliko karatasi za begani. "Ni mambo ya kukumbuka kwa kichwa, Mhandisi, na kichwa cha mfagizi..."

"Si kichwa, Licenciado," Basilia akasema. "Ni mlango."

"Mlango gani, shangazi?" Nayra akauliza.

Wakaenda wote koridoni, wamebanana. Basilia akafungua kabati. Nayra akapiga magoti sakafuni na koti lake la mvua, akaanza kusoma kutoka juu. Alisoma muda mrefu. Alipofika kwenye michoro akauliza mistari ni nini, na duara, na pembetatu, akaelezwa. Kisha akaweka kidole karibu na bawaba.

"Na huyu aliye peke yake?"

Basilia akatazama viatu vyake. Don Fortunato akamjibia toka nyuma: "Huyo ndiye mwenye penseli."

Nayra akapiga picha mlango wote, kipande kwa kipande. Alipoondoka hakuahidi kitu. Alimwambia Basilia tu, kwa lugha yao, kwamba amekagua matawi tisa na kote amekuta bili zinazosema kiasi gani, lakini hajawahi kukuta bili inayosema kwa nini.

Jumatano baada ya kanivali meneja alimwita Basilia. Safari hii hakumketisha.

"Umezitupa nafasi mbili chooni, Doña Basilia. Moja ilikuwa yako. Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea, Licenciado. Uliniambia nimweleze Mama Ardhi."

"Nilikuambia useme, sikukuambia uungame!"

Basilia akarudi kwenye ufagio wake. Zawadi ilikwenda tawi la Viacha. Siku iliyofuata meneja aliagiza milango yote ya korido ipakwe rangi ya kijani, na wa kabati ukiwa wa kwanza. Fundi alipofika na ndoo yake alikuta kabati halina mlango.

"Mlango uko wapi?" akamwuliza mlinzi.

"Umekwenda likizo," Don Fortunato akasema. "Miaka ishirini na nne haujawahi kupumzika."

Ulikuwa kwenye kibanda chake cha walinzi, umefunikwa kwa koti la mvua. Meneja alijua, kwa kuwa kibanda chenyewe hakifiki hatua mbili upana na mlango ulichungulia. Aliuacha hapo. Pengine aliona haya. Mtu anayependa kuonekana huwa na siku zake za kutotaka kuonekana.

Siku ya mwisho ya Februari Basilia aliosha ndoo, akaikunja ile ovaroli, akaiweka juu ya kabati lisilo na mlango. Wasichana wa kaunta walimnunulia salteña na kumwekea karatasi za rangi kichwani. Alifunga vitu vyake kwenye mbeleko na kutoka. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga mchana. Barabara nzima ilikuwa nyeupe, na wauzaji walikuwa wakifagia barafu kutoka mezani. Alitembea hadi kwake bila kupanda gari, miguu imelowa, akijiuliza kama baba yake naye aliwahi kujuta kusema magunia kumi na moja wakati angeweza kusema tisa. Alipofika aligundua kwamba njaa imemrudia. Alikula viazi vikavu na jibini hadi akafuta sahani.

Siku kumi na tisa baadaye, Nayra Calisaya alibisha hodi mlangoni kwake, tope mpaka magotini.

"Shangazi, mtaa wako hauna namba," akasema. "Nimebisha nyumba sita. Wanne wamenipa chai."

"Basi ya tano nakupa mimi. Ingia."

Nayra akatoa barua. Benki ilitaka mtu wa kuzunguka matawi yote ya El Alto, kusoma mita, kusikiliza mabomba, kuwauliza wafagizi wanachokiona, na kuandika. Mkataba wa mwaka mmoja wa majaribio. Ulitaka cheti cha sekondari.

"Sina," Basilia akasema, na kurudisha barua mezani.

"Najua. Niligombana wiki mbili. Wamekubali uanze bila cheti, lakini ujiandikishe shule ya watu wazima. Ukiacha shule, mkataba unakufa."

"Na miaka yangu hii?"

"Darasani utakuwa na bibi mmoja wa sabini na mbili. Nimekwenda kuuliza."

Basilia akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akauliza la muhimu. "Na nguo?"

"Nguo zako, shangazi. Kitambulisho utakibana kwenye shali."

Mwezi wa Aprili alianza kazi. Tawi la kwanza katika orodha yake lilikuwa lile lile la La Ceja. Licenciado Irahola alimpokea mlangoni, akakohoa, akamwambia kuna bomba la jikoni linalomtia wasiwasi, angependa alitazame kabla ya mtu mwingine. Basilia akaenda kulitazama. Lilikuwa linavuja kweli, tone kwa tone. Aliandika, na safari hii fundi alikuja siku ile ile.

Mlango wa kabati ulikuwa umerudi kwenye bawaba zake. Upande wa nje ulikuwa kijani. Ndani haukuguswa.

"Jichore basi!" Don Fortunato akamhimiza. "Penseli hii hapa."

"Mchoro hungoja kanivali," Basilia akamjibu. "Haraka yako ndiyo iliyokufikisha kwenye bunduki tupu."

Akangoja miezi kumi. Katikati ya miezi hiyo alifeli mtihani mmoja wa aljebra, zile hesabu za herufi, akalia chooni kwa aibu, akaurudia na kupita. Katika tawi la tatu aligundua jenereta lililokuwa likiwashwa kila asubuhi kwa mazoea tu, hakuna aliyejua nani aliamuru. Ijumaa ya kabla ya kanivali akasimama tena koridoni na kikombe na penseli, watu wakiwa duara. Akasoma mita, akasema kila kitu kwa sauti, tone la jikoni likiwemo. Mkataba mpya ulikuwa haujasainiwa. Hilo nalo alilisema, ili ardhi ijue.

Kisha akainama, akachora pembetatu katika safu ya wengine, ya nne kutoka kushoto. Ile ya karibu na bawaba hakuifuta.

"Sasa uko mara mbili," Don Fortunato akasema.

"Huyo wa chini ndiye aliyebeba magunia," Basilia akasema, na kumimina.